Apu niliyotengenezewa na AI inafanya kazi vizuri tu, ila naogopa kuiachia watu wengi. Nifute nianze upya?

KameraMbili:

Wakuu habari za muda huu. Nimesoma nyuzi nyingi humu ila sijaona inayogusa hali yangu moja kwa moja, naombeni mnivumilie.

Nina apu ya kuazimisha kamera, lenzi, taa na maiki. Mtu anachagua kifaa, anachagua tarehe, anapandisha picha ya kitambulisho, analipa amana, siku ikifika anakuja kuchukua. Mimi sio programa, HTML nilijifunza kidogo zamani nikaachia njiani. Hii apu yote nimeipata kwa kuongea na AI wikendi mbili, naiambia weka kalenda inaweka, naiambia weka malipo inaweka, ule mtindo ambao Andrej Karpathy, mtafiti wa AI, aliupa jina la vaibu kodingi mwezi wa pili 2025. Nilikuwa najiona bonge la injinia.

Nikawapa marafiki kama 10 wakaitumia mwezi mzima, wakasifia. Sasa kuna mwenye studio kaipenda anataka wateja wake wote wahamie humo, kama 300 hivi, na atalipa. Hapo ndo nimeanza kukosa usingizi, mana hata kwa hao 10 kuna vituko: watu wawili wamewahi kupewa kamera moja siku zinazopishana, na kuna mmoja amana yake ilisoma mara mbili wakati kalipa mara moja. Af nikiiambia AI irekebishe hapa panaharibika pale, juzi imetengeneza kalenda ukurasa wa malipo ukapotea kabisa, nimekuja kushtuka baada ya siku mbili. Kuna faili moja lina mistari zaidi ya elfu nne na mimi sielewi hata robo yake.

Swali langu: nitafute fundi nifute nianze upya, au hii hii inatengenezeka? Na kama inatengenezeka naanzia wapi?

mzee_wa_seva:

Hongera mkuu, wengi wanaishia kwenye skrinishoti. Hilo swali la kufuta au kutofuta liweke pembeni kidogo, kuna jambo la kufanya leo kabla hujalala.

Fungua akaunti mbili, moja yako na moja ya uongo. Ingia na ya kwanza, weka oda, angalia juu kwenye anwani ya brauza, nahisi utakuta kitu kama /oda/57. Kopi hiyo anwani, toka, ingia na ile akaunti ya uongo, ipesti. Ukiiona oda pamoja na picha ya kitambulisho basi huna apu, una daftari umeliacha wazi barazani na kila mpita njia anafunua kurasa. Badilisha na namba, weka 56, 55, uone ya wengine.

Usijilaumu sana, huu ugonjwa ni wa wengi. Orodha ya OWASP (shirika la usalama wa apu za wavuti) ya 2021 imeuweka namba 1, yani udhibiti mbovu wa ruhusa umeipita hata ile sindano ya SQL (mtu kupenyeza amri za databesi kwenye kisanduku cha kujaza) ambayo kila mtu anaitaja. Shida ni kwamba AI huwa inauliza "huyu kaingia?" inasahau kuuliza "hii oda ni ya kwake?" na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Na ukiilalamikia inaweza kukufichia kitufe tu kwenye skrini ikakwambia tayari. Kuficha kitufe sio kufunga mlango, mtu anaipigia seva yako moja kwa moja bila kugusa skrini. Ukaguzi ukae kwenye seva, na ikiwezekana kwenye databesi pia, kama unatumia PostgreSQL (aina ya databesi) ina ulinzi wa safu moja moja, unaandika kwamba kila mtu aone safu zake tu, hata kodi ya programu ikikosea huku juu databesi inagoma kule chini.

Kitu cha pili ni funguo. Kwenye brauza fungua sehemu ya kuangalia faili zilizopakuliwa, tafuta neno la ufunguo wa malipo au nywila ya databesi. Kuna funguo ambazo zimetengenezwa zionekane, hizo hazina neno, ila ule wa siri ukiukuta humo kila mteja wako anao tayari. Na kama huo ufunguo uliwahi kuingia kwenye Git (chombo kinachotunza historia ya kodi) hata mara moja, kuufuta kwenye faili hakusaidii kitu, historia inautunza. Nenda ulikoutoa, ubatilishe, chukua mwingine.

Halafu zile picha za vitambulisho, zikae kwenye hifadhi ya faragha na zifunguke kwa linki inayokufa baada ya dakika chache. Na jiulize kama unazihitaji baada ya kamera kurudi, mana picha ambayo hauna haiwezi kuibiwa.

chuma_chakavu:

Mi niko tofauti na mzee. Tupa yote.

Imekugharimu wikendi mbili, unalilia nini sasa? Kilicho na thamani hapo sio kodi (na wale wa kuja na utani wa mamlaka ya mapato mniache leo), thamani ni kwamba umeshajua watu wanataka nini. Mwezi mzima umeona wanabonyeza wapi, wanakwama wapi, vitu gani hawagusi kabisa. Hiyo ndo mali. Ile prototaipu (apu ya majaribio) ichukulie kama mchoro wa fundi kwenye mchanga, nyumba haijengwi juu ya mchoro. Kaa chini andika kurasa mbili za sheria za biashara yako kwa lugha ya kawaida, mpe programa, aanze na msingi safi.

Faili la mistari elfu nne ambalo mwenyewe hulielewi, na AI yenyewe hailimalizi kusoma inakisia katikati, ndo mana ukigusa kalenda malipo yanakufa. Nimeshakabidhiwa kazi tatu za namna hii, zote nilianza kwa kusema ngoja nirekebishe kidogo, zote nimeishia kuandika upya baada ya kupoteza wiki.

dada_databesi:

chuma_chakavu una hoja ila nusu. Kurasa mbili za sheria, sawa kabisa, huo ni ushauri wa dhahabu. Kutupa kila kitu, hapana. Skrini zake zinapendwa na watu wameshazizoea, hizo aziache. Kilichooza hapo ni jinsi data inavyotunzwa, na hicho ndo cha kufumua na kusuka upya. Ukirekebisha skrini databesi ikabaki vile vile utarudi humu mwezi ujao.

KameraMbili kaka yangu tuanze na kamera kugongana. Kuna sababu mbili na yawezekana unazo zote. Ya kwanza ni ya kijinga: nenda kaone kodi inalinganisha nini, mara nyingi inaangalia kama kuna oda inayoanza siku ile ile. Sasa huyu kachukua tarehe 10 mpaka 14, mwingine anaomba 12 mpaka 13, hakuna aliyeanza siku moja na mwenzie, apu inasema karibu. Ya pili ni ya mbio: apu inauliza databesi "kamera namba 3 iko wazi?" inajibiwa ndio, ndipo inaandika oda. Kati ya kuuliza na kuandika kuna upenyo mdogo, mtu wa pili akiuliza ndani ya huo upenyo naye anajibiwa ndio. Marafiki 10 hawakutani hapo mara kwa mara, watu 300 siku ya ijumaa jioni wote wanataka kamera ya harusi watakutana tu. Na hii ya mbio huwezi kuiona ukijaribu peke yako nyumbani, hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu, ndo mana AI pia haiioni inapokuhakikishia.

Dawa ni kuacha kuiamini apu iwe mlinzi. Databesi iwe mlinzi. PostgreSQL ina kizuizi kinaitwa EXCLUDE, unakiambia kwamba kifaa kile kile na vipindi vinavyopandana ni marufuku kukaa kwenye jedwali moja, basi. Kuanzia hapo hata watu elfu wabonyeze sekunde moja, mmoja anapita wengine wanarudishiwa kosa na wewe unawaonyesha ujumbe wa kistaarabu kwamba kimeshachukuliwa. Utahitaji kiendelezi cha btree_gist, AI inakijua, iambie. Ila angalia vitu viwili ambavyo haitakuuliza: oda zilizofutwa zisihesabike kwenye kizuizi, la sivyo mtu akighairi kamera inabaki imefungwa milele. Na oda ambayo mtu ameanza hajalipa, unamshikilia kifaa kwa muda gani? Dakika 15? Hiyo ni sheria yako wewe sio ya kompyuta, ndo zile kurasa mbili za chuma_chakavu.

Sasa amana kusoma mara mbili. Kampuni za malipo mteja akilipa zinatuma ujumbe kwa seva yako, "oda fulani imelipwa". Seva yako isipojibu kwa wakati wanatuma tena, na tena, sio kosa lao, wamesema wazi kwenye maelezo yao kwamba ujumbe unaweza kuja zaidi ya mara moja. Kodi yako kila ikipokea inaongeza amana. Kila ujumbe una kitambulisho chake, kihifadhi kwenye jedwali na databesi ikatae kisijirudie, ukija wa pili seva inajibu "nimeshapata" inakaa kimya. Hapo hapo hakikisha sahihi ya ujumbe (alama inayothibitisha umetoka kwa kampuni ya malipo kweli) inakaguliwa, mana kama haikaguliwi mtu yeyote anayejua anwani ya seva anaweza kujitumia mwenyewe ujumbe kwamba kalipa, anakuja kuchukua kamera bure na wewe unampa na tabasamu.

La mwisho na la haraka, hela zako zimehifadhiwaje? Kama ni namba za desimali za kawaida fungua konsoli ya brauza (sehemu ya kuandikia amri) uandike 0.1 + 0.2 uone inakupa 0.30000000000000004. Hifadhi kwa namba kamili ya kiasi kidogo kabisa cha sarafu, au aina ya numeric ya databesi, yenye desimali kamili.

KameraMbili:

Wakuu nimefanya ile ya akaunti mbili. Mikono inatetemeka naandika hii. Nimeona oda zote, zote kabisa, na vitambulisho vya watu, na namba zao za simu. Ufunguo wa siri wa malipo nao uko kwenye brauza, nimeubatilisha na apu nimeizima kwa sasa, marafiki wamenuna lakini potelea mbali.

Mzee ubarikiwe. Yani mwezi mzima ilikuwa wazi na wote tunasifia rangi za vitufe.

Nimeiambia AI irekebishe ruhusa, imefanya, af ikasema imeandika testi 46 (vipimo vya kodi kujikagua) na zote zinapita, kijani tupu. Je hii naweza kuiamini? Na dada, kwenye kizuizi cha EXCLUDE nimekwama sehemu nitarudi.

mdukuzi_mstaafu:

Testi 46 za kijani zilizoandikwa na yule yule aliyeandika kodi ni mwanafunzi kajisahihishia mtihani. Huwa zinaangalia kwamba kodi inafanya kile inachofanya, sio kile unachotaka. Nimewahi kuona AI ikishindwa kupitisha testi inabadilisha testi.

Njia rahisi ya kujua, na hauhitaji kuwa programa: haribu kitu makusudi. Fungua ile sehemu inayouliza "hii oda ni ya kwake?" ifute, endesha testi. Zikibaki kijani zote 46 basi hauna testi hata moja, una mapambo. Rudisha, haribu sehemu nyingine, amana iongezwe mara mbili, endesha tena. Kila ukiharibu lazima kuwe na testi inayolia nyekundu. Ukipata sehemu isiyolia hapo ndo unaiambia AI iandike testi, tena unaianzia wewe kwa sentensi yako mwenyewe: "mtu B akiomba oda ya mtu A anakataliwa". "Ujumbe wa malipo ukija mara tatu amana inaongezeka mara moja". Sentensi kama 15 za hivyo zinakutosha kuliko hizo 46.

Ile ya kutengeneza hapa panabomoka pale inatokana na namna unavyofanya nayo kazi. Unaipa ombi kubwa, inagusa faili 20, unakubali zote bila kusoma. Kuanzia leo ombi moja dogo, kabla ya kukubali angalia imebadilisha faili zipi, kama umeomba kalenda na imegusa malipo kataa hapo hapo, iulize imefuata nini huko. Ikiwa sawa sevu kwenye Git, ndipo uombe lingine. Unaona uvivu najua, ila ule ukurasa uliopotea siku mbili ungeurudisha kwa amri moja.

Na lile faili kubwa usilipasue kabla testi hazijakaa sawa. Kwanza testi, kisha unachomoa kipande kimoja, malipo labda, unakiweka kwenye faili lake, testi zinabaki kijani, unasevu, unachomoa kingine. Ndo njia ya kati ya dada na chuma_chakavu, apu inabadilishwa mfupa mmoja mmoja huku inatembea. Halafu kagua orodha ya pakeji (kodi za watu wengine) ilizokuwekea, AI kuna wakati inabuni jina la pakeji ambayo haijawahi kuwepo, na kuna wajanja wanayasajili hayo majina ya kubuni wakiweka uchafu ndani. Pakeji usiyoijua itafute kwanza ina umri gani na nani anaitunza.

chuma_chakavu:

Njia ya kati inafanya kazi kama mwenye apu ana subira. Tuone.

mzee_wa_seva:

😂 chuma hakubali kushindwa.

KameraMbili kabla hujaiwasha tena, bakapu (nakala ya akiba ya data). Najua utasema kampuni inayokuhifadhia seva inachukua bakapu kila siku, umeshawahi kuirudisha? Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya kutunza kodi, watu wa kazi hii hii, fundi wao alifuta data kwenye seva ya databesi akidhani yuko kwenye ile ya akiba kumbe yuko kwenye ile kuu. Wakaenda kwenye bakapu wakakuta za kila siku zilikuwa zinafeli kimya kimya kwa sababu toleo la PostgreSQL halikulingana, na barua pepe za kuwatahadharisha zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa 6 kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya hayo masaa 6 ikaenda. Na hao waliandika kila kitu hadharani bila aibu, nawaheshimu mpaka leo.

Kwa hiyo chukua bakapu, irudishe kwenye databesi tupu pembeni, hesabu oda, linganisha. Ikichukua dakika 40 ujue siku ya balaa utakaa chini dakika 40. Hiyo databesi ya pembeni usiitupe, ifanye iwe sehemu ya majaribio, na AI ufunguo wa databesi halisi isiuone kamwe, ifanyie fujo zake huko pembeni. Ila kabla ya kuipa badilisha majina na namba za watu.

Af weka kitu cha kukusanya makosa ili yakitokea uyaone wewe kwanza. Sasa hivi unajulishwa na mteja akiwa ameshakasirika. Ila kwenye logi (kumbukumbu za seva) usiandike nywila wala namba za kadi, AI inapenda kuandika kila kitu humo.

KameraMbili:

Nimerudi. Nimefanya ya mdukuzi, nimefuta ile sehemu ya ukaguzi nikaendesha testi. Kijani. Zote 46. Nimecheka peke yangu kama chizi. Sasa ninazo 11 nilizozianzia kwa sentensi zangu na zote nimehakikisha zinalia nikiharibu.

Mwenye studio nimemwambia asubiri, na tukianza tuanze na wateja 20 wiki mbili ndo tuongeze. Nilidhani atakasirika, kumbe nilipomwambia habari ya vitambulisho alinyamaza muda mrefu kisha akasema chukua muda wako.

Dada nilipokwama ni hapa: mtu akirudisha kamera tarehe 12, mwingine anaweza kuichukua tarehe 12 hiyo hiyo? AI imenipa jibu moja asubuhi na jingine jioni. Nimemuuliza mwenye studio anasema inategemea, wanahitaji masaa mawili kuchaji betri, kufuta kadi na kukagua lenzi kama ina mkwaruzo.

dada_databesi:

Umeona sasa, hilo jibu AI isingelipata hata uiulize mwaka mzima, lilikuwa kichwani kwa mwenye studio.

Basi acha kuhifadhi tarehe tupu, hifadhi saa ya kuchukua na saa ya kurudisha, zote kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), saa za mteja uzibadilishe wakati wa kumwonyesha tu. Kipindi unachokiweka kwenye kizuizi kianzie saa ya kuchukua kiishie saa ya kurudisha ukiongeza masaa mawili, na mwisho wake uwe wazi, mabano ya mraba mwanzo na mabano ya kawaida mwishoni, hapo wa pili akichukua dakika ile ile ya mwisho hagongani na wa kwanza. Iandikie testi tatu: dakika moja kabla inakataliwa, dakika yenyewe inakubaliwa, oda iliyoghairiwa haizuii mtu.

Na jiandae, ukijaribu kukiweka hicho kizuizi databesi itagoma kama kuna oda za mbele ambazo tayari zimepandana. Itakutajia mbili za kwanza tu zinazogongana, zilizobaki uzitafute. Usiiruhusu AI izifute ili kizuizi kipite.

KameraMbili:

Imegoma kweli. Ziko tatu zimepandana, mbili ni za jumamosi hii na kamera ni ile ile moja. Ngoja nimpigie wa kwanza sasa hivi kabla hajalala.